Jinsi ya Kutengeneza Filamu Fupi ya Mbwa Roboti Mlinzi kwa Vifaa Vinavyopatikana Mwanza

Filamu ya familia yenye mbwa roboti mlinzi inaweza kutengenezwa Mwanza kwa simu moja yenye kamera nzuri, dumu la lita 20, mshipi wa kuvulia samaki na watoto wenye subira. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu kikundi chetu cha vijana wa mtaani kimeifanya kazi hiyo mara mbili. Mara ya kwanza filamu ilituharibikia, mara ya pili ikafaulu, na kilichozitofautisha mara hizo mbili hakikuwa fedha wala kamera. Mbwa wetu wa kwanza alijua kila kitu: alizungumza, alitania, alipiga hesabu, alirusha miale kutoka machoni na kuimba. Tulipoionyesha filamu kwa majirani, watoto walicheka dakika mbili za mwanzo, kisha wakageuka kuitazama projekta, na bibi mmoja aliyekuwa ameketi mbele akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu mbwa anataka nini hasa?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mbwa wa pili alikuwa na kanuni moja tu, na kanuni hiyo ndiyo iliyoibeba filamu nzima. Kwa hiyo nitakaa muda mrefu kwenye kanuni na kwenye mwili wa mbwa, na nitapita haraka kwenye mambo ambayo mtu anaweza kujifunza popote.

Kanuni ya mbwa hutangulia mbwa mwenyewe

Neno roboti limetokana na neno la Kicheki robota, lenye maana ya kazi ya shurutisho, na lilianza kutumiwa kwa maana ya mtu wa kutengenezwa katika tamthilia iliyochapishwa mwaka 1920. Asili hiyo inamfaa sana mwandishi wa vichekesho. Roboti ni mtumishi anayetii neno aliloambiwa, wala haoni nia iliyokuwa moyoni mwa aliyemtuma, na katika mwanya ulio kati ya neno na nia ndimo kinamozaliwa kicheko cha filamu ya namna hii. Mbwa wa kweli hukosea kwa njaa, kwa woga au kwa usingizi. Mbwa roboti hukosea kwa sababu ametii kupita kiasi. Ukimfanya awe mkorofi au mjanja wa kutunga hila utakuwa umempoteza, kwani hapo amekuwa mtu aliyevaa dumu.

Kanuni inayofaa ina sifa tatu. Husemeka kwa sentensi moja, mtoto wa miaka sita huielewa bila kuelezwa mara ya pili, na siku ya kwanza hufanya kazi vizuri kabisa, ili mtazamaji akubali kwamba familia haikufanya upumbavu kuiweka. Kanuni yetu ilikuwa hii: asiyetoa shikamoo asipite. Katika hadithi yetu kuna familia ya kule Igombe inayoanika dagaa kando ya Ziwa Victoria. Mbwa wao wa kweli, aliyewekwa pale kuwafukuza kunguru na korongo, amewala dagaa yeye mwenyewe, na watu wazima wanaotazama huelewa papo hapo kwamba huko kulikuwa kumkabidhi fisi bucha. Mjukuu wa nyumba hiyo, Kulwa, anaamua kutengeneza mbwa asiyekula. Kwa kuwa bibi yake amemfundisha tangu utotoni kwamba mtu mwema hujulikana kwa salamu, anamfundisha mbwa jambo hilo hilo. Siku ya kwanza wageni wote wanamwamkia mbwa na kupita, na kijana mmoja mdokozi anayeingia bila salamu anapigiwa king'ora hadi mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga.

Siku ya pili babu anarudi kutoka ziwani. Babu ndiye mkubwa kuliko watu wote wa pale. Ni miaka mingi sasa hajampa mtu yeyote shikamoo, yeye hupokea tu, na hawezi kuanza leo kwa kuliamkia dumu la plastiki. Anabaki nje ya uzio alioujenga kwa mikono yake. Wakati huo huo mdokozi, ambaye sasa amejifunza, anakuja na shikamoo tamu kuliko ya mtoto yeyote wa mtaa, anainama kidogo, anafunguliwa, na anaondoka na gunia la dagaa begani huku mbwa akimtakia safari njema.

Tazama namna ambavyo kanuni hiyo haikuhitaji kuelezwa. Kila mtazamaji wa hapa, awe Msukuma, Mkerewe, Mjita au mgeni kutoka pwani, anajua nani humwamkia nani, na anajua uzito wa kumwomba mzee atoe shikamoo. Nakushauri utafute kanuni yako katika mambo ya namna hiyo: kuvua viatu mlangoni, kunawa mikono kabla ya kula, kutopiga mluzi usiku, kutompita mgeni bila kumkaribisha. Kanuni ikitoka mbali na maisha ya watazamaji utalazimika kuieleza, na kichekesho kinachoelezwa hupoa kama uji uliosahauliwa mezani.

Ukishapata kanuni, hadithi hupanda ngazi kwa mpangilio ambao hauna haja ya kubuniwa upya: kanuni inawafaa wenyewe, kisha inamwumiza asiyestahili, kisha adui anajifunza kuitumia, kisha mtoto anaitengeneza upya. Hatua ya mwisho ndiyo ngumu, na hapo waandishi wengi huchoka wakamvunja mbwa au wakamtupa ziwani. Usifanye hivyo. Mtoto aliyemwunda mbwa anastahili kuonekana akifikiri, akakosea, akafikiri tena. Kulwa alijaribu kwanza kumfundisha mbwa kuwatambua wazee kwa fimbo. Mdokozi akaokota fimbo. Akajaribu kuwatambua kwa kikohozi, mdokozi akakohoa. Mwishowe akaigeuza salamu yenyewe: kuanzia siku hiyo mbwa ndiye anayeamkia, na anayejua kupokea ndiye anayepita. Babu akafika jioni, mbwa akasema, "Shikamoo, babu," naye babu, kabla hajakumbuka kwamba amekasirika, akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Mdokozi naye akaja na ile salamu aliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Mbwa akamwambia shikamoo, yeye akajibu shikamoo, na king'ora kikalia.

Ukimya katika onyesho

Filamu ya familia lazima imchekeshe mtoto na bibi yake kwa wakati mmoja, na hilo halitokei kwa kuongeza maneno. Mtoto hucheka kwa anachokiona, mtu mzima hucheka kwa anachokijua, na ukimya ndio unaowapa wote wawili nafasi ya kufika mahali pamoja. Onyesho la babu langoni lilikuwa na maneno machache tu, nami naliweka hapa kama tulivyoliandika:

MBWA: Salamu kwanza.
BABU: Pisha njia.
MBWA: Salamu haijasikika.
BABU: Kulwa! Njoo uliondoe hili dude lako.
KULWA (sauti kutoka ndani): Shikamoo, babu!
BABU: Marahaba.
MBWA: Salamu imepokelewa. Kulwa, pita.

Kulwa yumo ndani tayari, na babu bado yuko nje. Baada ya sentensi hiyo ya mwisho tuliacha kamera ikimtazama babu kwa muda wa kuhesabu moja hadi tano polepole, wavu ukiwa begani na taa mkononi, bila neno na bila muziki. Katika ukimya huo kunguru mmoja, ambaye hatukumpanga, alitua kwenye kichanja cha dagaa nyuma yake. Tulimwacha. Ukikata picha mapema kwa hofu kwamba watu watachoka, utakuwa umeliondoa onyesho kabla kicheko hakijafika.

Mwigizaji wa babu asijaribu kuchekesha hata kidogo. Mtafute mtu mzima mwenye utulivu, mwambie kwamba amechoka, amelowa, ana njaa na anataka kuingia nyumbani kwake, kisha umwache. Watoto nao wapewe kazi ya mikono wakati wa kusema maneno yao, kama vile kuchambua dagaa au kufunga uzi, kwa sababu mtoto mwenye kazi mkononi husahau kuitazama kamera. Kamera yenyewe iwekwe chini, kwenye kimo cha macho ya mbwa, sentimita 60 hivi kutoka ardhini, katika kila picha inayomhusu. Picha iliyopigwa kutoka juu humfanya mbwa aonekane kitu cha kuchezea. Iliyopigwa kutoka kimo chake humfanya awe mhusika.

Mwili wa mbwa

Kabla ya kukata chochote, amua mbwa wako anafanana na zama zipi. Kampuni ya Westinghouse ya Marekani ilimwonyesha mbwa roboti aitwaye Sparko katika maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1940, naye alikuwa mnyama wa chuma aliyeweza kubweka na kuketi. Sony ya Japani ilianza kuuza AIBO mwaka 1999, mdogo, wa plastiki, mwenye masikio yanayoning'inia. Spot wa Boston Dynamics, anayetumiwa leo kukagua viwanda na mahali pa hatari, ana uzito wa kilo 32 hivi na hana kichwa kabisa. Kwa vichekesho vya familia nashauri ufuate njia ya mbwa wa kale mwenye kichwa kikubwa, kwa sababu watazamaji husoma moyo wa mhusika kwenye kichwa, na kwa sababu dumu haliwezi kujifanya Spot.

Dumu la manjano la lita 20 lililolazwa ni kifua na tumbo. Kichwa ni ndoo ndogo ya lita 5 iliyokatwa mdomo, masikio ni vifuniko viwili vya makopo ya maziwa, na miguu ni mabomba ya plastiki ya inchi moja na nusu yaliyounganishwa kwa viungio vya fundi bomba. Kuwafanya mbwa roboti halisi watembee kunahitaji mota katika kila kiungo na kompyuta inayorekebisha mizani yao mamia ya mara kwa sekunde. Usipoteze miezi yako huko. Funga magurudumu manne ya sanduku la safari chini ya miguu, umburute kwa kamba, na umpige picha kuanzia magoti kwenda juu. Ukitaka nyayo zionekane, zipige picha peke yake, zikishushwa moja moja kwenye mchanga kwa mkono wa mtu aliye nje ya picha. Mwanza ni mji wa mawe, na gurudumu dogo hukwama kwenye kila kokoto, kwa hiyo tembea na mbao mbili ndefu za kumpitishia mbwa na uzifunike kwa mchanga kidogo.

Kichwa ndicho kitakachokula muda wako, na kinastahili. Tulianza na mota ndogo za kuongozwa kwa kompyuta, zile zinazozunguka nyuzi 180, zikaunguruma, zikatetemeka, na mwendo wake ukawa wa haraka mno usio na uzito. Ndipo kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi akaleta mshipi. Tulitoboa tundu upande wa kulia na wa kushoto wa ndoo, tukafunga mshipi mmoja kila upande, tukaipitisha mishipi hiyo kwenye vijipete vya waya mbavuni mwa dumu, na tukatoka nayo nyuma hadi mita tano, ambako mtoto mmoja aliishika yote miwili kama hatamu. Ndani ya ndoo, upande wa nyuma, tulining'iniza chubwi mbili za risasi, vile vizito vya kuzamishia mshipi, ili kichwa kikiachwa kijirudishe chenyewe polepole. Hizo chubwi ndizo zilizompa mbwa wetu roho. Mtoto akivuta kidogo, kichwa kinageuka; akilegeza, kinarudi kwa kuyumba mara moja na kutulia, mfano wa mzee anayefikiri jambo. Chagua mshipi mwembamba, uupake masizi kidogo ya mshumaa ili usimetemete, na usipige picha huku ukielekea jua, kwa kuwa mwanga unaotoka nyuma huufanya mshipi uonekane kama uzi wa fedha.

Mkia wetu ulikuwa antena ya redio iliyofungwa kwenye mota ya wipa ya gari, ambayo hupatikana kwa wauza spea za mitumba. Mota hiyo hutumia volti 12, huenda polepole, ina nguvu nyingi, na pamoja na vyuma vyake huja tayari na mwendo wa kwenda na kurudi. Betri ya pikipiki inatosha kuiendesha kwa siku nzima ya kupiga picha ikiwa utaizima kati ya picha na picha. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Siku ya pili ya kazi waya wetu ulichubuka kwenye ukingo wa dumu, ikatokea shoti, na plastiki ikaanza kuyeyuka kabla hatujaufikia. Tangu hapo kila tundu linalopitisha waya tulilivika kipande cha mpira wa baiskeli, na mtu mzima mmoja hakuruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote isipokuwa kusimama karibu na betri.

Macho ni taa mbili za LED, kila moja ikiwa na rezista, kidude cha kupunguza umeme, ya ohmu 560 ikiwa unatumia betri hiyo hiyo. Tulianza na rangi nyekundu, na watoto wa miaka mitatu na minne wakalia. Manjano ilifanya kazi zaidi: iliwaka tulivu mbwa aliposubiri na ikapepesa aliposhindwa kuelewa. Mdomo usiufungue. Mbwa anayezungumza bila kufungua mdomo huaminika zaidi kuliko yule ambaye taya lake haliendani na maneno.

Sayansi iwe ya kweli hata kama filamu ni ya kubuni

Watoto hutambua mambo ya kubahatisha, na filamu hii ina nafasi nzuri ya kuwaachia kitu cha kweli. Chagua jambo moja la kisayansi ulieleze sawasawa. Sisi tulichagua namna mbwa anavyojua kuwa mtu amesimama mbele yake. Kulwa anampeleka mdogo wake kwenye nyufa za mawe wakati wa magharibi kuwatazama popo, anamweleza kwamba popo hupiga sauti isiyosikika na sikio la mtu na kusubiri mwangwi, kisha anamwonyesha kihisi chenye matundu mawili yanayofanana na macho, ambacho hufanya vivyo hivyo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde hewani, kwa hiyo mwangwi wa mtu aliye mita mbili mbele hurudi kwa takriban sehemu 12 za elfu moja za sekunde, na kutokana na muda huo kihisi hupata umbali. Vihisi hivyo vinauzwa kwa bei nafuu na wauza vifaa vya elektroniki, na ukikifunga kimoja kwenye kadi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa, mbwa wako ataweza kweli kuwasha macho mtu anapokaribia. Macho hayo yanayowaka yenyewe, bila mtu kubonyeza swichi, hubadilisha uso wa mwigizaji mtoto kwa namna ambayo mwongozaji hawezi kuiomba.

Kuhusu kutambua salamu, ieleze kwa uaminifu pia. Mashine kutambua neno moja au mawili ni jambo jepesi kuliko kuelewa mazungumzo, na ndiyo maana kanuni ya shikamoo inawezekana kuliko mbwa mwenye kujibu kila swali. Wakubwa watafurahi kusikia kwamba Kiswahili kinahitaji sauti nyingi zilizorekodiwa ili mashine zikielewe, na kwamba mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti hizo kwa watu wa kawaida wanaojitolea. Sentensi mbili zinatosha. Bibi wa Kulwa anaweza kuzisema huku akipepeta mchele.

Mwanga, upepo na vijidudu vya ziwani

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri husimama karibu utosini na kuyatia macho ya waigizaji kivuli. Piga picha za nje kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache mwaka mzima, na giza huingia haraka. Picha za magharibi uzipange siku mbili kabla na uzifanyie mazoezi mchana, kwani utapata nafasi ya picha nne au tano tu. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu na ndiyo niipendayo. Wakati wa mvua, bati linalopigwa na matone litakunyima kila neno lililosemwa ndani ya nyumba.

Ukipiga picha ndani kwa taa za tyubu, weka kamera ipige fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, iwe moja ya hamsini ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na usipofanya hivyo picha itakuwa na mistari inayotembea. Programu nyingi za kamera za simu huruhusu kuyapanga haya kwa mkono.

Upepo hauna huruma kwa sauti. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kuja nchi kavu, na kuanzia saa 7 au 8 hivi kipaza sauti chako kitarekodi ziwa badala ya watu. Maongezi ya ufukweni yarekodiwe asubuhi. Funika kipaza sauti kwa kipande cha sponji la godoro na juu yake kitambaa chenye manyoya.

Usiku una uzuri na taabu yake. Siku za giza la mwezi wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao, na ukiwa juu ya kilima utaziona zimetanda kama mji mwingine juu ya maji. Picha moja ya mbwa akizitazama taa hizo, macho yake ya manjano yakiwaka, ilitugharimu saa moja na ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Lakini usiku huo huo tuliwasha taa kubwa karibu na maji, na vijidudu vya ziwani vinavyoinuka kama moshi vikatujia kwa wingi usioelezeka, vikajaa kwenye lenzi, kwenye masikio ya makopo na kinywani mwa babu. Weka taa yako mbali na kamera, iwe upande wa chini wa upepo, na iwake kwa muda wa picha tu.

Sauti ya mbwa

Mwendo wa mbwa tuliupata kwa cherehani. Rekodi fundi akikanyaga polepole, kisha haraka, kisha akisimama ghafla, na utakuwa na hatua, mbio na mshangao. Kichwa kinapogeuka tulitumia sauti ya zipu ya begi ikifunguliwa taratibu. Sauti ya maneno ilisemwa na msichana wa miaka kumi na mbili kupitia kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa mkono mmoja, akiwa ndani ya kabati lenye nguo, bila kubadilishwa na kompyuta. Mwambie msemaji asome kila sentensi kwa uzito ule ule, iwe anamkaribisha mgeni au anamzuia babu. Usawa huo wa sauti ndio unaochekesha, na mara atakapoanza kuigiza hasira au furaha utaona kicheko kinapungua.

Vibali na usalama

Bodi ya Filamu Tanzania husimamia kazi hizi kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na filamu inayokusudiwa kuonyeshwa hadharani inahitaji kibali na kupangiwa daraja la umri. Mwone pia mwenyekiti wa mtaa, na kwenye mialo zungumza na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kabla hujafungua begi la kamera. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013 na kina utaratibu wake wa vibali. Droni nazo huombewa ruhusa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Watoto waigize kwa idhini ya wazazi, iliyoandikwa.

Jambo moja sitalipita haraka. Usimsimamishe mtoto majini kwa ajili ya picha, hata kwa dakika chache, hasa penye majani na matete, kwa sababu maji ya ufukweni mwa ziwa letu yana konokono wanaobeba kichocho. Onyesho la mbwa akiogopa maji tulilipiga kwenye mwamba mkavu, na maji tuliyamwaga kwa ndoo kutoka bombani. Na ikiwa mbwa wa kweli watakuja kumzunguka mwenzao wa plastiki, kama walivyotujia sisi kila asubuhi, wazuie watoto wasiwashike, maana hujui yupi amechanjwa kichaa cha mbwa na yupi hajachanjwa.

Kuihariri na kuionyesha

Katika uhariri punguza maneno, uache ukimya, na filamu isizidi dakika 15. Muziki uwe mdogo, na uwe wenu wenyewe au wa mtu aliyewaruhusu kwa maandishi.

Onyesheni baada ya saa 1 na nusu usiku, kwenye ukuta au shuka jeupe lililotandazwa na kufungwa pembe zote nne kwa sababu ya upepo, na watoto wakae mbele kabisa chini kwenye mikeka, wazee nyuma yao kwenye viti. Mbwa mwenyewe mweke mlangoni, spika ndogo ikiwa ndani ya ndoo na yule msichana wa sauti amejificha nyuma ya pazia na bomba lake, mwenzake ameshika mishipi. Vijana wakifika, mbwa awaambie, "Salamu kwanza," na awasubiri. Akifika mzee, kichwa kigeuke polepole, kiyumbe mara moja, kitulie, na mbwa aamkie yeye.